Laki moja ya ziada kwa fundi wako: mshahara, bima, nyumba au mkataba?

Fundi anayeitambua hitilafu ya injini ya Land Cruiser kwa kusikiliza muungurumo tu hakosi kazi Arusha. Kampuni kubwa za utalii zina gereji zao, kambi za Serengeti zinatafuta watu wa kukaa na magari porini, na msimu wa Juni unapokaribia simu za kumuulizia huanza mapema. Moshi nako ni vilevile. Mpishi aliyesomea hoteli, mhasibu kijana aliyetoka Chuo Kikuu cha Ushirika, fundi umeme wa VETA: wengi huanzia kwa mfanyabiashara mdogo, wanaiva mikononi mwake, kisha anakuja mwenye mfuko mkubwa kuwachukua.

Mfanyabiashara mdogo akisikia fundi wake anaitwa kwingine, jibu lake la kwanza ni kuongeza mshahara. Mara nyingi hiyo ndiyo njia ghali kuliko zote. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania haina punguzo maalumu kwa anayeajiri mtu mwenye ujuzi, lakini haiyatazami malipo yote kwa jicho moja. Laki moja ikitoka kama mshahara inakatwa pande mbili, ikitoka kama bima ya afya inaweza kufika nzima. Ninaandika kwa ajili ya mwenye gereji, mgahawa, kampuni ndogo ya kupandisha wageni mlimani au duka la kukaanga kahawa, ambaye ana kiasi fulani cha ziada na anajiuliza akitoe kwa njia gani.

Katika hesabu zote zinazofuata, fundi analipwa shilingi 900,000 kwa mwezi na anachangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10.

Kabla ya yote: wewe unalipa kodi ya namna gani?

Swali hili linarukwa sana, na ndilo linaloamua mengi. Mtu binafsi ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100 kwa mwaka hulipa kodi ya makadirio, yaani kodi inayohesabiwa kwenye mauzo. Mishahara, bima na pango havipunguzi chochote hapo. Ukimlipa fundi milioni moja au usipomlipa kabisa, kodi yako ya biashara ni ile ile.

Kampuni hulipa asilimia 30 ya faida, na gharama halali za biashara zinatolewa kwanza. Kampuni yenye faida ikitumia 1,200,000 kwa mwaka kwa bima ya mfanyakazi, kodi yake inapungua kwa 360,000. Mtu binafsi pia anaruhusiwa kuchagua kutoka kwenye makadirio na kutengeneza hesabu kamili. Kwa biashara ambayo sehemu kubwa ya matumizi yake ni mishahara ya watu wenye ujuzi, faida inayobaki mwishoni huwa ndogo kuliko mauzo yanavyoonyesha, kwa hiyo hesabu kamili zinaweza kukulipa kuliko makadirio. Kaa na mhasibu mlinganishe njia hizi mbili kwa takwimu za mwaka uliopita kabla hujampandishia mtu yeyote mshahara.

Ukiwa kwenye makadirio bado unapaswa kukata kodi ya mishahara, yaani PAYE, na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato, ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Wapo wanaodhani makadirio yanawaondolea wajibu huo. Hayawaondolei.

Laki moja kama mshahara

PAYE ya Tanzania Bara haitozwi kwenye 270,000 za kwanza za mwezi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, hadi 760,000 ni asilimia 20, hadi milioni moja ni asilimia 25, na kinachozidi milioni moja ni asilimia 30. Mchango wa mfanyakazi NSSF hutolewa kabla ya kodi kuhesabiwa.

Fundi wa 900,000 akishatoa NSSF anabaki na 810,000 zinazotozwa kodi, yaani yuko kwenye ngazi ya asilimia 25. Mwongeze laki moja: 10,000 inakwenda NSSF, 22,500 inakwenda TRA, mkononi anapata 67,500. Wewe umetoa 110,500, kwa sababu nawe unamchangia NSSF 10,000 na unalipia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nusu asilimia. Ukiwa na wafanyakazi kumi au zaidi inaongezeka tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo Julai 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5, na gharama yako inafika 114,000.

Nisieleweke vibaya. Ile 20,000 ya NSSF haijapotea, ni akiba yake ya uzeeni, na mwajiri anayekwepa kuipeleka anamwibia mtu wake. Ila fundi anayepima kati yako na kampuni kubwa ya Njiro, Arusha, hapimi NSSF. Anapima kinachoingia kwenye simu mwisho wa mwezi.

Kwa kijana mwenye shahada aliyesoma kwa mkopo wa serikali hali ni kali zaidi. Mwajiri anatakiwa kumkata asilimia 15 ya mshahara wa msingi na kuipeleka Bodi ya Mikopo. Laki moja ikiingia kwenye mshahara wa msingi, 15,000 nyingine inaondoka, na mkononi inabaki 52,500. Umetoa 110,500, mhasibu wako ameona chini ya nusu yake.

Posho ya nyumba au ya usafiri inayotolewa taslimu haina nafuu ya PAYE katika sekta binafsi. Wengi wanajichanganya hapa kwa sababu wana ndugu serikalini. Sheria imezitoa kwenye kodi posho hizo kwa watumishi wa serikali na taasisi zinazoendeshwa kwa ruzuku yake. Mwajiri binafsi akiiga mfumo huo anajikuta na deni TRA likija kukaguliwa.

Chakula na bima: hapa ndipo laki inafika nzima

Chakula kinachotolewa kazini kwa wafanyakazi wote bila ubaguzi hakihesabiwi kuwa kipato cha mfanyakazi. Chukua sahani ya 3,000 kwa siku 26, ni 78,000 kwa mwezi. Ukimpa fundi wetu hiyo 78,000 taslimu, baada ya NSSF na PAYE anabaki na 52,650, na bado atatoka saa saba kwenda kutafuta pa kula. Chakula kikiletwa gereji na mama ntilie mliyeandikiana naye, anakula chote, na kazi haisimami saa nzima. Weka utaratibu wa risiti na orodha ya waliokula, kwa sababu gharama isiyo na ushahidi haitakubaliwa kwenye hesabu zako. Na iwe chakula kweli: bahasha ya “hela ya chakula” ni mshahara.

Bima ya afya ndiyo ninayoiweka juu kuliko zote kwa mtu mwenye familia. Matibabu na bima anayolipia mwajiri kwa ajili ya mfanyakazi, mwenza wake na watoto wasiozidi wanne hayatozwi PAYE, sharti yatolewe kwa wafanyakazi wote kwa usawa. Laki moja uliyolipa kwa kampuni ya bima ni laki moja ya huduma kwa familia ile. Ili fundi ajinunulie bima ya laki moja kwa fedha zake mwenyewe, ungepaswa kumwongeza mshahara wa karibu 148,000, na wewe ungetoa zaidi ya 163,000. Kwa mtu wa Moshi ambaye mtoto wake akiugua anakimbilia hospitali ya KCMC, kadi inayopokelewa pale inampa usingizi, na mtu wa namna hiyo hahami kirahisi kwa ajili ya nyongeza ya elfu hamsini.

Kasoro yake ni lile sharti la usawa. Huwezi kumkatia bima fundi mkuu peke yake ukaacha waosha magari na mlinzi, halafu ukadai nafuu. Kwa gereji ya watu sita bima ya mmoja inakuwa bima ya sita, kwa hiyo anza na kifurushi kidogo ambacho kila mtu anakipata badala ya kikubwa cha mmoja. Ujue pia kwamba Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inamtaka mwajiri wa sekta binafsi iliyo rasmi kuwasajili wafanyakazi wake. Kinachokutofautisha na jirani leo kinaelekea kuwa wajibu wa kila mwajiri, na aliyeanza mapema atakuwa ameshazoea gharama.

Nyumba na gari

Nyumba inategemea ni ya nani. Faida ya makazi inayotozwa kodi huhesabiwa hivi: chukua asilimia 15 ya kipato cha mfanyakazi na gharama uliyoidai kwenye hesabu zako kwa ajili ya nyumba hiyo, shika kubwa kati ya hizo mbili, kisha ilinganishe na kodi ya pango ya soko. Ndogo ndiyo inayotozwa.

Ukimpangishia fundi wetu chumba na sebule cha 150,000 Sakina na kudai 150,000 hiyo kama gharama, anatozwa kwenye 150,000 yote. Hakuna nafuu. Tena biashara inapolipa pango inatakiwa kuzuia asilimia 10 na kuipeleka TRA, na wenye nyumba wengi wanataka kodi yao kamili, kwa hiyo asilimia 10 inakugeukia wewe.

Nyumba ikiwa yako mwenyewe hesabu inabadilika. Mwenye hoteli ndogo Moshi mwenye nyumba ndani ya uwanja wake, ambayo ingepangishwa kwa 250,000, na anayedai matengenezo ya 40,000 tu kwa mwezi, akimweka humo mpishi wa 900,000, kinachotozwa ni 135,000, yaani asilimia 15 ya mshahara. Mpishi anakaa kwenye nyumba ya 250,000 na PAYE yake inapanda kwa 33,750 tu. Kwa biashara za mlimani na za hoteli, ambako watu huanza kazi saa kumi alfajiri, hii ni silaha nzuri kwa aliye na nyumba. Asiye nayo aiache.

Gari linashangaza zaidi. Sheria imeweka thamani maalumu kwa mwaka kulingana na ukubwa wa injini na umri wa gari, na thamani hizo ni ndogo. Gari lenye injini kati ya cc 1,000 na 2,000 lililozidi miaka mitano linahesabiwa kuwa faida ya 250,000 kwa mwaka mzima. IST nyingi zinazozunguka Arusha zinaingia humo. Msimamizi wako akitumia gari hilo la kampuni kwa mambo yake, kodi yake ni 62,500 kwa mwaka akiwa kwenye ngazi ya asilimia 25, pungufu ya 5,300 kwa mwezi. Land Cruiser ya zamani yenye injini ya 1HZ, inayozidi cc 3,000, inahesabiwa 750,000 kwa mwaka. Na kama kampuni haidai gharama zozote za gari hilo kwenye hesabu zake, faida hiyo haitozwi kabisa. Lakini gari linaanguka, linaharibika, linakunywa mafuta, kwa hiyo ni la meneja unayemwamini, si la kumvutia mgeni wa wiki ya kwanza.

Kuna jambo dogo linalosahauliwa. Ukimtoa mpishi Dar es Salaam, au fundi Moshi kuja Arusha, nauli yake halisi, ya mwenza na ya watoto wasiozidi wanne haitozwi kodi, maadamu anatoka umbali unaozidi maili 20 na ameajiriwa kwa ajili ya kazi yako tu.

Mkopo wa ada

Januari ndiyo mwezi ambao mafundi huondoka kwa sababu ya ada ya shule. Mwajiri anaweza kumkopesha mfanyakazi bila riba kiasi kisichozidi mishahara mitatu ya msingi, ukilipwa ndani ya muda usiofika miezi 12, na sheria haihesabu faida yoyote ya riba. Kwa fundi wetu ni hadi 2,700,000. Makato ya miezi kumi ni 270,000 kwa mwezi, kiasi kikubwa, kwa hiyo mara nyingi nusu yake inatosha. Muandikiane, na mfanyakazi asaini kukubali makato. Kwa mwajiri asiyeweza kuongeza gharama ya kudumu, hii ndiyo njia ya kwanza ya kuijaribu, maana fedha inarudi na mtu anabaki angalau mpaka deni liishe.

Kwa muhtasari wa njia ambazo hesabu yake ni rahisi kuiweka kando kwa kando:

| Njia | Unachotoa | Anachopata |
|---|---|---|
| Nyongeza ya mshahara 100,000 | 110,500 (114,000 mkiwa kumi au zaidi) | 67,500 mkononi, 20,000 NSSF |
| Nyongeza hiyo kwa mwenye mkopo wa Bodi | vilevile | 52,500 mkononi, 20,000 NSSF, 15,000 ya deni lake |
| Bima ya 100,000 | 100,000, lakini kwa kila mfanyakazi | huduma ya 100,000 |
| Chakula cha 78,000 | 78,000, kwa kila mfanyakazi | chakula cha 78,000 |

Mkataba wa huduma badala ya ajira

Si kila ujuzi unahitaji ajira. Duka la kahawa lenye watu watano halihitaji mhasibu wa mwezi mzima. Ukimwita mtoa huduma mkazi kwa ada ya 300,000, unazuia asilimia 5, yaani 15,000, unaipeleka TRA na kumpa cheti cha zuio ili akipunguzie kwenye kodi yake ya mwaka. Huna NSSF, huna PAYE.

Unafuu huu unawavuta watu kubadilisha wafanyakazi wote kuwa “washauri”, na hapo ndipo wanapoumia. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa hata mkataba ukisema vingine, iwapo kuna hata dalili moja kati ya zilizotajwa: unampangia namna ya kufanya kazi au saa za kazi, anatumia vifaa vyako, anakutegemea wewe kiuchumi, au amekufanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Siku moja kwa wiki ni kama saa 35 kwa mwezi. Siku mbili zinakaribia 70. Kwa hiyo mhasibu wa Jumamosi tu, mwenye ofisi yake na wateja wengine, ni mtoa huduma. Fundi anayeingia gereji yako kila siku saa mbili asubuhi na kutumia spana zako ni mwajiriwa wako, na ana haki ya NSSF yake.

Mtu wa kumi

Tozo ya ufundi stadi inaanzia kwa mwajiri mwenye watu kumi. Mpaka 2021 ilianzia kwa wanne, kwa hiyo biashara nyingi ndogo zilipata nafuu ya kweli. Ila mpaka huo ni ukuta. Tuseme mko tisa na mishahara yote ni 6,000,000. Ukimwajiri fundi wetu wa 900,000, tozo hailipwi kwa mshahara wake peke yake, inalipwa kwa 6,900,000 yote: 241,500 kila mwezi. Ongeza NSSF na fidia, mtu wa kumi anakugharimu zaidi ya 1,230,000.

Ushauri wangu kwa aliye na tisa: kama huoni kazi ya watu kumi na wawili au zaidi ndani ya mwaka, tumia fedha hiyo kuwanoa na kuwabakiza tisa ulio nao. Ile 241,500 inagawanyika kuwa karibu 27,000 ya bima au chakula kwa kila mmoja wao. Ukiona kazi ipo, vuka kwa wawili watatu kwa pamoja ili mzigo wa tozo ubebwe na mapato mapya. Kuficha majina si njia. Mtu aliyefichwa akiumia kazini anaweza kukwama kupata fidia.

Kufundisha wako mwenyewe

Arusha ina Chuo cha Ufundi na Chuo cha Uhasibu, VETA ina chuo chake cha hoteli na utalii Njiro, na Moshi ina VETA na Chuo Kikuu cha Ushirika. Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wanatafuta nafasi kila mwaka, na fundi aliyejifunzia mikononi mwako anakufahamu. Serikali nayo, kupitia Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi, imekuwa ikigharamia uanagenzi, na VETA huwatambua kwa vyeti mafundi waliojifunzia mtaani. Cheti hicho kina thamani kubwa kwa fundi mwenye umri wa miaka arobaini aliyenyimwa heshima kwa kukosa karatasi. Msaidie akipate, ni gharama ndogo, na atakumbuka nani alimshika mkono.

Kinachokosekana ni kodi kumtambua anayefundisha. Kenya, kwa Sheria ya Fedha ya 2015, ilimruhusu mwajiri aliyechukua wahitimu wa chuo kikuu wasiopungua kumi kama wanagenzi kwa miezi sita hadi kumi na miwili kutoa kwenye faida yake asilimia 50 zaidi ya mishahara yao. Wazo ni zuri, ila sharti hilo la watu kumi linamwacha nje mwenye gereji ya watu sita. Afrika Kusini ilianza Januari 2014 kumruhusu mwajiri kubakiza sehemu ya kodi ya mishahara anayopaswa kuipeleka serikalini anapoajiri kijana wa miaka 18 hadi 29 mwenye mshahara mdogo, kwa miezi isiyozidi 24, na haijalishi ana wafanyakazi wangapi. Hiyo ya pili ndiyo ingetufaa. Mwajiri mwenye watu kumi hadi ishirini anayemlea mwanagenzi wa VETA aruhusiwe kukata posho ya mwanagenzi huyo kwenye tozo ya ufundi stadi, na mwenye watu chini ya kumi aikate kwenye PAYE anayoipeleka kila tarehe 7.

Wizara ya Fedha hupokea mapendekezo ya kodi kila mwaka kabla ya bajeti. Chama cha wenye gereji au cha wenye hoteli ndogo kinaweza kupeleka ukurasa mmoja wenye hesabu za wanachama wake: wangapi waliwafundisha, wangapi waliondoka, na tozo iliyolipwa mwaka huo.